Kwani Lazima Izime?

Kwa wiki tano nzima mume wangu alizunguka maduka ya kompyuta akiwa na saa mkononi, daftari kwapani na waya wa umeme wa mita tano begani. Wiki hizo zote mimi nilikuwa saluni kwangu nikisuka vichwa vya watu na kujiambia kwamba mtu mzima akitafuta kitendea kazi chake, aachwe atafute. Najuta. Ningemfuata siku ya kwanza, tungemaliza siku ya kwanza.

Watu wanamwita Taratibu. Ni DJ wa sherehe, na jina hilo alipewa na wateja kwa sifa nzuri: anajua kuwainua watu kwenye viti polepole, kuanzia mashangazi waliokwisha kuvua viatu mpaka vijana wanaojifanya hawachezi, bila mtu kujua ameinuliwa saa ngapi. Nilipoolewa nilidhani ni jina la kazini. Kumbe ndivyo alivyo mpaka kwenye kumenya chungwa. Ganda lazima litoke moja, refu, na likikatika anaona siku imeharibika. Mimi nafanya kazi ambayo mteja mmoja akichelewa, wengine wanne wanangoja kwenye benchi, na wanaongoja wanaongea. Nyumbani ananiita Mama Pacha, nami namwita Baba Pacha, na pacha wenyewe wameshajua kwamba ukitaka jambo lifanyike leo unamwomba mama.

Mkosi ulianzia kwenye harusi moja ya mchana. Ukumbi wenyewe uko chini ya jengo la ghorofa, hauna dirisha hata moja. Nilikuwepo kwa sababu bibi harusi nilimsuka mimi, na nilitaka kuona kama maua ya kichwani yatashika. Alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi, kwa zile hatua alizojifunza mwezi mzima, umeme ukakatika. Hilo si jambo geni. Jenereta ya pale inawaka yenyewe kabla watu hawajamaliza kuguna, na siku ile pia iliwaka. Taa zikarudi. Spika zikarudi, tukazisikia zikivuma. Muziki ndio haukurudi. Kompyuta ya mume wangu ilikuwa imezima, na kompyuta ile kuamka tu ilikuwa kazi ya dakika sita: kwanza ifikirie, halafu ionyeshe picha ya pacha, halafu programu ya muziki ifunguke na kuanza kuhesabu nyimbo zake zote kama mtu anayeshuku ameibiwa.

Dakika sita ni chache ukiwa unakula. Bibi harusi akiwa amesimama ametanguliza mguu mmoja, ukumbi mzima ukimtazama, ni nyingi mno. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "DJ kapitiwa na usingizi," na watu wakacheka. Mume wangu alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya mashine, hivyo tu, kama unavyomshika mtoto mwenye homa, na uso wake sikuwahi kuuona vile tangu tuoane. Sikulia pale. Nililia nyumbani, bafuni, nikiwa nimefungulia maji yote.

Sherehe ilipokwisha, meneja wa ukumbi alimwita pembeni. Ni mama mfupi asiyepaza sauti, na hao ndio wa kuogopwa. Alikuwa anatafuta DJ wa kudumu, wa kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na mume wangu alikuwa amebakiza pua na mdomo kuipata kazi hiyo.

"Kaka, nakupenda unavyopiga," alimwambia. "Lakini siwezi kumpa ukumbi mtu anayezimikiwa katikati ya harusi. Nina harusi nyingine kubwa baada ya wiki tano. Njoo upige hiyo, ukiwa na mashine ya maana. Ikinizimia tena, tutaagana kwa wema."

Siku mbili baadaye kompyuta yenyewe ikakata kauli. Fundi aliifungua, akaifunga, akatupa pole. Kwenye droo ya saluni nilikuwa na bahasha ya kaki ya kununulia draya ya pili, ya kukaushia nywele. Nikamkabidhi bila kuombwa.

"Hii ndiyo yote," nikamwambia. "Usije ukaniuliza kama kuna nyingine."

"Inatosha, Mama Pacha. Kinachotakiwa ni kuchagua vizuri."

Neno kuchagua mdomoni mwa yule mtu lingepaswa kunitisha palepale. Alikaa siku nzima akitafakari, na jioni akatoa uamuzi wake: ugonjwa ni zile dakika sita. Akipata kompyuta inayowaka haraka, umeme ukikatika itawahi kurudi kabla watu hawajaanza kucheka. Akachukua daftari la shule la pacha, akapiga mistari kwa rula: duka, mashine, sekunde za kuwaka, maoni. Nilipoiona ile rula nikajua hatununui kesho.

Aliyemtia ufunguo ni mdogo wake, shemeji yangu, ambaye yuko kwenye ofisi ya bima na tangu apewe kompyuta ya kazini amekuwa bingwa wa kompyuta zote duniani.

"Kaka, kasi ndiyo kila kitu," alisema, amekalia kochi letu na miguu juu. "RAM kubwa, prosesa ya karibuni. Chini ya hapo unanunua sinia."

"Na hela, shemeji?" nikamuuliza.

"Hela itajulikana."

"Itajulikana na nani?"

Akajifanya simu yake inaita, akatoka nje kuipokea.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila asubuhi mume wangu anaoga, anapiga pasi shati, anabeba mashine yake ya kuchanganyia muziki kwenye mkoba na ule waya begani. Ule waya una historia yake. Ile kompyuta ya zamani betri yake ilivimba miaka mitatu iliyopita, fundi akaitoa akaitupa, na tangu hapo ilikuwa haiwaki mpaka ichomekwe ukutani. Kwa hiyo mume wangu akiingia mahali popote, hata msibani, kabla ya salamu macho yake yanatafuta soketi. Madukani alifanya hivyohivyo. Anaingia, anainama, anachomeka waya wake, anachomeka kompyuta ya watu, ndipo anaiwasha na kubonyeza saa. Wauzaji walishamjua. Mmoja alikuwa akimwona tu anakwenda kunywa chai.

Jioni ananisomea daftari kama mtu anayesoma wosia. "Sekunde arobaini na mbili. Maoni: feni ina kelele." "Sekunde thelathini na tisa. Maoni: muuzaji mkali." Zilizowaka haraka zilikuwa za bei ya kututoa macho, na zilizoingia kwenye bahasha aliziona zinachelewa. Nikimwambia chukua moja tuendelee na maisha, ananitazama kwa huruma, eti mimi sijui sekunde arobaini ukumbini zina urefu gani. Wiki ya nne akarudi anatabasamu, amepata moja ya sekunde kumi na moja. Niliinuka kabisa kwenye kiti. Ndipo akaniambia bei yake ni bahasha tatu.

"Sasa ulikuwa unaipima ya nini?"

"Kwa ulinganisho."

Nilikwenda kulala, maana hasira zilikuwa zimeshanipanda na pacha walikuwa bado macho.

Alhamisi ya wiki ya tano, zikiwa zimebaki siku mbili harusi ifike, nilifunga saluni. Mlangoni nikabandika karatasi, DHARURA, nikamwambia leo tunakwenda wote na haturudi mikono mitupu. Bahasha niliichukua mimi, nikaitia kwenye mkoba wangu. Alinibebesha daftari. Yeye akabeba mkoba wake na waya, na njia nzima akanieleza utaratibu wake, mimi nimeshika daftari nikihesabu majina ya maduka. Yalikuwa kumi na saba.

Duka la kwanza alitaka kurudia kuipima mashine aliyokwisha kuipima mara mbili. Nikamtoa. La pili lilikuwa na ya rangi ya fedha, nyembamba, mgongo unang'aa mpaka unajiona meno, na ilikuwa inaingia kwenye bahasha kwa sababu ilishatumiwa na mtu mwingine. Niliona alivyoipapasa. Akainama, akachomeka, akawasha, akabonyeza saa. Mimi, muuzaji na mteja mmoja aliyekuja kununua wino tukasimama kimya tunaitazama kama tunasubiri majibu ya mtihani.

"Thelathini na moja," akasema mume wangu, akashusha pumzi. "Nzuri. Lakini bado nyingi."

"Nyingi za nini, Baba Pacha?"

"Za kuwaka. Umeme ukikatika, izime, iwake tena. Watu watakuwa wameshaanza kucheka."

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Saluni imefungwa, miguu inaniwaka moto, na huyu mtu amesimama na saa yake.

"Kwani lazima izime?" nikamuuliza.

Akanitazama. Akaitazama kompyuta. Muuzaji akatazama dari.

Mimi nina mashine mbili za kunyolea kule saluni. Ukienda kununua mashine ya kunyolea huiwashi ikiwa kwenye umeme, hilo hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza analijua. Unaichomoa, unaiwasha mkononi, unasikiliza inakwenda muda gani, maana umeme utakatika nusu kichwa kikiwa kimenyolewa. Sikungoja majadiliano. Nikainama, nikachomoa waya ukutani. Ile kompyuta nzuri ya rangi ya fedha ikawa giza kabla sijainuka.

"Ni betri tu, mama," muuzaji akasema haraka. "Betri inabadilishwa."

"Kwa hela ya nani?"

Mume wangu alikuwa bado ameshika saa, kidole kiko juu ya kitufe, analitazama lile giza. Miaka mitatu ameishi na mashine isiyo na betri, na kama ninavyoelewa mimi, alishasahau kwamba kompyuta ya kubeba ilitengenezwa ibebwe. Wiki tano, maduka kumi na saba, rula, daftari la watoto, na hakuna hata mara moja aliyochomoa. Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga na mkoba, na katikati ya hayo mawili nikajikuta nimemwambia tu, "Twende."

Kuanzia hapo kazi ikawa yangu. Tunaingia, yeye anasalimia, mimi nachomoa. Moja ikazima palepale. Moja ikaomba msamaha kwenye kioo kwa maandishi mekundu, ikazima. Nyingine ilikaa mpaka tukaanza kupeana bei, ikazima wakati muuzaji ananiapia kwamba haizimi. Mume wangu alikuwa ananifuata nyuma na waya wake begani usio na kazi tena.

Tuliipata kwenye kijiduka cha nyuma ya kituo cha mafuta, kwa muuzaji wa makamo anayenunua vifaa vya ofisi zinazofungwa. Ilikuwa nyeusi, nene, imekaa kama tofali. Mgongoni kulikuwa na gundi iliyokauka mahali pa namba ya ofisi, na vitufe vingine herufi zilishafutika. Nikachomoa. Haikushtuka. Mume wangu akaunganisha mashine yake ya kuchanganyia, ile inayokula umeme kutoka kwenye kompyuta, akafungua programu, akacheza nyimbo mbili kwa pamoja, akaongeza ya tatu. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Piga kama uko harusini," nikamwambia.

Akapiga saa nzima na robo. Muuzaji alishaanza kutikisa bega. Mimi sikuwa nasikiliza muziki, nilikuwa natazama ile alama ndogo ya betri pembeni, na ilipofika nusu nikafungua mkoba nitoe bahasha. Ndipo mume wangu akaizima, akaiwasha tena, akabonyeza saa.

"Sekunde hamsini na nane," akasema. "Mama Pacha, hii ni ya mwisho kabisa kwenye daftari."

Tulitoka nje, maana sikutaka kumpa vidonge vyake mbele ya mtu.

"Na sura yake je?" akaendelea, tumesimama kati ya pampu na lundo la matairi. "Mgongo wa kompyuta ndio watu wanaouona. DJ anaonekana kutoka hapa kifuani kwenda juu, na mbele yake ni mgongo wa kompyuta. Ile ya fedha tukipata betri..."

"Kwa keshokutwa? Na hela ya kuokota?"

"Wewe hujui hii kazi."

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu mengi. Nilikuwa nayo yamejaa mdomoni, ya rula, ya bahasha tatu, ya shemeji na miguu yake kwenye kochi langu. Yakatoka mengine.

"Kazi yako siijui," nikamwambia. "Lakini siku ile nilikuwepo. Wote walikuwa wanamtazama bibi harusi. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Sitaki kukuona vile tena, Baba Pacha. Siwezi. Nunua hata yenye mkia, ilimradi isizime."

Alikuwa anaukunja ule waya, anaukunja vizuri kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani kama kawaida yake, duara baada ya duara, mpaka ukaisha. Akanyoosha mkono. Nikampa bahasha.

Jumamosi nilikwenda ukumbini bila kualikwa. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mkononi, wahudumu wakadhani mimi ni wa upande wa bwana harusi, na wa upande wa bwana harusi wakadhani mimi ni mhudumu. Mume wangu alikuwa jukwaani nyuma ya lile tofali. Alikuwa ameukwangua mgongo wake kwa wembe na mafuta ya taa mpaka gundi yote ikatoka, lakini ulibaki na doa la mraba, na doa hilo lilikuwa linatutazama wote.

Bwana harusi alikuwa anacheza na mama yake, mama mwenye miguu ya kuumwa, wanakwenda hatua moja moja. Umeme ukakatika.

Mle ndani giza likawa totoro. Mwanga uliobaki ulikuwa mmoja, wa kioo cha kompyuta, na ulikuwa unamwangaza mume wangu kuanzia kidevuni. Mikono yake haikuwa juu ya mashine. Alibonyeza kitu kimoja tu, kwa kidole kimoja, akausimamisha wimbo pale ulipokatikia. Halafu akainua uso akaanza kunitafuta. Yeye yuko kwenye mwanga na mimi niko gizani, asingeweza kuniona, lakini alitafuta hivyo hivyo, na mwishowe akatabasamu kuelekea upande wa vyoo, ambako sikuwepo. Jenereta ikanguruma. Taa zikaja. Alingoja spika zivume, akabonyeza tena, na wimbo ukaendelea kutoka neno lilelile. Yule mama alikuwa bado ana mguu hewani. Akaushusha.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyegeuka kumtazama DJ. Watu waliendelea kula na kusengenyana, na mimi sahani yangu nikaiweka juu ya friji.

Meneja wa ukumbi alikuja jukwaani sherehe ikiisha. Nilisogea karibu, najifanya nakusanya glasi.

"Jumamosi ijayo uwe hapa saa saba," akasema kwa sauti yake ya chini. "Na zinazofuata. Hiyo mashine umeipata wapi?"

"Nilipima sana, mama," mume wangu akajibu, kifua mbele. "Wiki tano."

Nilimeza maneno. Nilimeza njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilimeza mpaka kesho yake mchana, nilipomsikia sebuleni akimfundisha shemeji kwenye simu. "Kasi si kitu, mdogo wangu. Wengi wanakosea hapo. Kitu cha kwanza unachomoa." Nikaona sasa hapana. Nikaingia chumbani kulichukua lile daftari nikamwekee mbele ya macho, ukurasa kwa ukurasa, duka kwa duka, nione atasema nini.

Lilifunguka kwenye mstari wa mwisho. Duka: nyuma ya kituo cha mafuta. Mashine: nyeusi, nene. Kwenye sekunde alikuwa ameandika hamsini na nane, akaikata kwa rula, na juu yake akaandika: haikuzima. Kwenye maoni, kwa mwandiko wake ule wa polepole: sura mbaya. Aliyeichagua ni mke wangu, alinionea huruma.

Sebuleni alikuwa bado anamwelezea shemeji jinsi alivyogundua mwenyewe. Nililirudisha daftari mahali pake, nikamwacha aongee.